LLM (shahada ya uzamili) ya sheria ya teknolojia: Huria, nje ya nchi au vyeti vya IAPP? Naombeni ulinganisho

BintiKisutu
Wakuu habari za majukumu, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni wakili, niko kwenye ofisi ya mawakili hapa Dar, kazi zetu nyingi ni ardhi, mirathi na madai ya kawaida, ila tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023 wateja wanakuja na maswali ambayo hata bosi anayakwepa kiaina. Mara hospitali inataka kupeleka kumbukumbu za wagonjwa kwenye seva za nje, mara mtu wa mikopo ya simu anauliza kama akiwapigia ndugu wa mdaiwa ni kosa, mara kampuni inataka kujua kama nayo lazima ijisajili kule Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nimeona hapa pana kazi, nataka nijiongeze.

Nimebaki na njia tatu kichwani. Ya kwanza LLM ya teknohama na mawasiliano pale Chuo Kikuu Huria, nasoma huku niko kazini. Ya pili kutoka nje, Oslo au London, nikipata mfadhili. Ya tatu kuachana na digrii, nifanye vyeti vya IAPP (chama cha kimataifa cha wataalamu wa faragha ya data) basi. Nina mtoto mdogo na kazi siwezi kuacha hivi hivi. Aliyepita njia mojawapo naomba anifungukie bila kupambapamba.

johojeusi
Njia ya nne: olewa na mtu wa IT 😂 natania dada, ngoja wajuzi waje, mimi nimekaa hapa nasoma tu maana na mimi niko njia panda hiyohiyo

WakiliNyandaTz
Dada marahaba kama ni mdogo wangu. Mimi nilisoma LLM ya sheria ya TEHAMA Iringa, RUCU (Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha), wengi wanaisahau ila ipo na ni ya siku nyingi. Faida kubwa ya kusoma hapa nyumbani, iwe Huria au Iringa, ni kwamba unasoma sheria utakazozitumia kesho asubuhi, yaani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, EPOCA (sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta) ya 2010, na maamuzi ya mahakama zetu. Mtu aliyesoma Ulaya anakuja anaijua GDPR (kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data) ibara kwa ibara halafu unamuuliza kifungu cha 18 cha Miamala ya Kielektroniki kinataka nini anakuangalia tu.

Kwa mtu wa Dar mwenye mtoto Iringa ni mbali, sikushauri. Huria makao makuu yako Kinondoni hapo na wana vituo mikoani kwahiyo hata ukihamishwa unaendelea. Ila ujue kusoma huria ni kusoma peke yako, hakuna wa kukusukuma. Watu wanamaliza masomo ya darasani vizuri halafu tasnifu inakaa kwenye laptopu miaka. Ushauri wangu chagua mada ya tasnifu kabla hujajisajili, ichukue kwenye faili la mteja wako (bila majina bila shaka), hapo utaandika kwa hasira na utamaliza.

Njoro_Advocate
Hapa Kenya wakili anatakiwa kuwa na pointi 5 za CPD (mafunzo ya kujiendeleza) kila mwaka ndio apate leseni ya mwaka unaofuata, kwahiyo wengi tulianza na semina za siku moja za ulinzi wa data, unakunywa chai unapata pointi unaenda nyumbani, ukweli ni kwamba hujui kitu. Kilichotuamsha ni ODPC (ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data) kuanza kupiga watu faini. Septemba 2023 shule moja ilipigwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani ikapigwa 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuja kujivinjari. Wiki hiyo simu hazikuacha kulia. Kila mkurugenzi wa shule anataka wakili amkagulie fomu ya kujiunga.

Mimi nilienda njia ya vyeti, CIPP/E kwanza halafu CIPM (ya kuendesha programu ya faragha). CIPP/E ni ya sheria ya Ulaya, mtihani ni dola 550, maswali 90 kwa saa mbili na nusu, kupita ni 300 kwa kipimo chao cha hadi 500, unaweza kufanyia nyumbani kamera ikiwa imewashwa inakuangalia. Maswali mengi ni hadithi: kampuni fulani imefanya hivi na vile, je nani mdhibiti nani mchakataji. Kwa Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 ambayo imefuata sana GDPR inasaidia. Lakini dada CIPP/E hainyamazi ukishapita, kila miaka 2 unatakiwa uwe na saa 20 za kujiendeleza na ada ya kukitunza. Ukiacha kulipa cheti kinalala.

mzee_wa_viapo
Wanangu nawasoma. Mimi niko mahakamani tangu faili zinabebwa kwa kamba. Mnavutana kuhusu Ulaya wakati pesa ya sheria ya teknolojia kwa wakili wa kawaida iko kwenye ushahidi. Kesi ya Trust Bank dhidi ya Le-Marsh ya mwaka 2000, Jaji Nsekela alikubali kumbukumbu za kompyuta za benki, ndipo mlango ukafunguka. Leo kila kesi ya mkataba ina skrinshoti ya WhatsApp. Wakili anaileta imechapishwa karatasi ya A4, wa upande wa pili anasimama: simu ni ya nani, nani kapiga hiyo skrinshoti, ilihifadhiwaje, nani anathibitisha haikuguswa, iko wapi simu yenyewe? Kimya. Kielelezo kinakataliwa na kesi inakufa hapohapo, mteja nje analia hajui hata kilichotokea.

Hicho huhitaji LLM kukijua, unahitaji kiapo kilichoandikwa vizuri na shahidi aliyeishika hiyo simu. Binti, kabla ya kulipa ada popote soma maamuzi kwenye TanzLII (tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania), ni bure.

WakiliNyandaTz
Mzee shikamoo, nakubali la ushahidi ila ushahidi ni chumba kimoja tu kwenye nyumba hii. Mkataba wa kuhifadhi data nje ya nchi utausoma TanzLII?

mzee_wa_viapo
Marahaba. Mkataba wa kuhifadhi data utausoma kwenye mkataba wenyewe mwanangu.

Njoro_Advocate
😂😂 Mzee huyo. Ila kwetu ni kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, bila cheti cha ushahidi wa kielektroniki unarudishwa. Ni kweli mawakili wengi wanaangukia hapo.

Mbongo_Ughaibuni
Nilisoma Oslo, LLM ya sheria ya teknohama, mwaka mmoja na nusu, yote kwa Kiingereza. Kituo chao cha kompyuta na sheria kipo tangu 1970 kwahiyo hawa watu walikuwa wanabishana kuhusu faragha ya data kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mtanzania mwenzetu Profesa Makulilo ambaye ukisoma chochote kuhusu faragha ya data Afrika utakutana na jina lake naye amepitia hapo kabla ya udaktari wake Bremen. Kusoma ni kuzuri, darasa dogo, unabishana na Mbrazili na Mjerumani.

Sasa habari mbaya. Zamani Oslo ilipendwa na watu wetu kwa sababu haikuwa na ada, kuanzia 2023 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanalipa. Na bado unatakiwa uonyeshe hela ya kujikimu kabla ya kupewa kibali cha kuishi. Kwahiyo yale maandiko ya zamani mtandaoni yanayosema Norway ni bure msiyaamini. Ukitaka Ulaya bara angalia pia Tilburg wana LLM ya sheria na teknolojia ya mwaka mmoja, na Leuven wana ile ya haki miliki na teknohama wanafundishia Brussels, karibu na walipo watunga sheria wenyewe. Ila kama huna mfadhili, dada, sahau.

johojeusi
Vipi kuhusu Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza?

Mbongo_Ughaibuni
Chevening inalipa kila kitu, ada, nauli, posho. Masharti uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, wao wanahesabu saa 2,800, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka 2. Inalipia masters ya mwaka mmoja ya kukaa Uingereza, ya mtandaoni hawalipii. Queen Mary London wana LLM ya teknolojia, habari na mawasiliano, watu wetu wanaiomba sana. Hiyohiyo Queen Mary wanayo ya masafa unasoma ukiwa Mbezi kwako, ila hapo Chevening haikuhusu, ada unalipa kwa pauni na shilingi yetu unaijua. Kuna skolashipu za Jumuiya ya Madola za kusoma kwa masafa, lakini zinalipia kozi walizozichagua wao, kwahiyo angalia orodha ya mwaka husika kwanza usije ukaomba chuo halafu kozi haimo.

DPO_Mikocheni
Ngoja niongee kama mtu ninayekaa upande wa kuajiri. Niko kwenye taasisi ya fedha, mimi ndiye afisa ulinzi wa taarifa binafsi na nimeshakaa kwenye usaili wa wanasheria. CV yenye LLM na yenye CIPP/E zote zinaitwa. Kinachomwangusha mtu ni swali dogo kama hili: mteja amefunga akaunti anaandika imeili anataka taarifa zake zote zifutwe leo, sheria ya utakatishaji fedha inasema kumbukumbu zitunzwe miaka kadhaa, unamjibu nini na unaandika nini kwenye rejista yako? Wa LLM ananipa historia ya haki ya faragha kuanzia Azimio la haki za binadamu la 1948. Wa cheti ananisomea ibara ya 17 ya GDPR. Namtaka anayesema hizi nafuta leo kwa sababu zilikuwa za matangazo tu, hizi nabaki nazo kwa sababu ya sheria fulani, na barua ya kumjibu mteja ni hii hapa, kwa Kiswahili anachokielewa.

Kwahiyo BintiKisutu, ukitaka kukaa kwenye komplayansi ya benki au kampuni ya simu anza na CIPM, siyo CIPP/E, maana CIPM inakufundisha kuendesha programu nzima ya faragha na haijafungwa kwenye sheria ya Ulaya. Kama wateja wako wana wabia wa Ulaya hapo CIPP/E ina maana. Ukitaka kufundisha chuo, LLM haina mbadala, cheti hakitakuvusha. Na ukibaki na kazi zako za uwakili, mzee wa viapo yuko sahihi kuliko mnavyotaka kukubali.

WakiliNyandaTz
Hapo kwenye CIPM nimekuelewa. Nyongeza: ukichukua digrii ya nje, hata ya masafa, nenda TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) uulize kuhusu utambuzi KABLA ya kulipa, siyo baada.

johojeusi
Kwa tusio na hela kabisa je? Maana dola 550 kwangu ni kodi ya nyumba

Njoro_Advocate
WIPO (shirika la haki miliki duniani) wana kozi ya msingi ya haki miliki DL-101, bure, unasomea kwenye simu na cheti unapata. Si ya data lakini programu za kompyuta na majina ya tovuti utayakuta mezani kwako tu. Halafu jifunze kwa kufanya, muombe mteja wako mwenye duka la mtandaoni umwandikie sera ya faragha kwa bei ya chai.

BintiKisutu
Jamani asanteni, mmenipunguzia mzigo. Nje nimeiweka pembeni hadi dirisha la Chevening litakapofunguka, nitajaribu ila sitaisubiri. Bosi nimemuuliza leo mchana kama ofisi inaweza kunilipia CIPM, amesema nimletee kwanza mteja mmoja wa ulinzi wa taarifa anayelipa. Yule wa hospitali nimempangia kikao Alhamisi. DPO_Mikocheni naomba nikufuate inboksi, nataka kuona rejista ya uchakataji inavyokaa, hata tupu tu bila taarifa zenu.

DPO_Mikocheni
Njoo. Ila kabla ya Alhamisi waulize hospitali hizo seva ziko nchi gani na mkataba umesainiwa na nani, ukute hata wao hawajui.