"Kifaa hiki kina mmiliki mwingine": hawa jamaa wana akili timamu kweli?

Wakuu, povu ruksa. Siwataji hawa watengenezaji wa PLC (kompyuta inayoendesha mashine), mnawajua. Wale wale ambao leseni yao ukiilipia unabaki na njaa mpaka ukoo wa pili.

Pazia la mwanga (miale inayosimamisha mashine mkono ukiikata) limekufa, laini ya uzalishaji imesimama, bosi ananipumulia kisogoni. Nang'oa bovu, natoa jingine stoo: modeli ile ile, fimwea (programu ya ndani) ile ile, anwani ya IP ile ile. Upande wa kawaida linaitika, data zinapita. Upande wa usalama, limenuna, taa nyekundu inamweka. Nafungua programu yao, kanachomoza kadirisha: KIFAA HIKI KINA MMILIKI MWINGINE.

Bosi akakasoma kwa sauti, mbele ya waendesha mashine wote: "Kwa hiyo hili tumeiba?"

Nikafuta umiliki. Bado! Kumbe programu ya PLC ikishakuwa na saini ya usalama (alama ya toleo lililohakikiwa), PLC haikisanidi kifaa kipya mpaka uingize namba ya mtandao wa usalama kwa mkono. Tarakimu 12 za heksadesimali. Halafu taa imweke nyekundu na kijani, uende ukahakikishe kwa macho ndiyo yenyewe, urudi ubonyeze "Sawa". Pazia liko huko mwisho wa dunia, laptopu iko huku. Nakimbia, nyuma nasikia watu wanacheka: "Mwizi huyo!"

Mmiliki mwingine! Nimelitoa stoo mwenyewe! Eti tumeiba!

Mzee wa Kontakta: 😂😂 Kifaa cha mtu sumu, mkuu.

Binti Voltiji: Kuna mtu alilijaribu kwenye benchi, akalirudisha stoo bila kulifuta. Likabaki na PLC ya benchi moyoni. Mtafuteni huyo, programu muiache.

Mleta uzi: @Binti Voltiji basi waandike "kilijaribiwa benchi". Siyo kuniita mwizi mbele za watu.

Swichi Ndogo: Si ungeweka "sanidi daima", PLC isanidi yenyewe kila kifaa kipya, ulale usingizi?

Binti Voltiji: @Swichi Ndogo Ndiyo ushauri wa kuua watu huo. Ukibadilisha kifaa huku sehemu nyingine ya mfumo bado inategemewa kwa SIL 3 (daraja la juu la usalama wa mashine), hiyo "daima" inaweza kukipa usanidi kifaa kisichostahili. Ule usumbufu wa kukimbilia taa umewekwa makusudi.

Swichi Ndogo: Sawa mama mwongozo. Nyie mna kadirisha, shukuruni. Kwetu PROFIsafe (mfumo mwingine wa mtandao wa usalama) anwani unaiweka kwa viswichi kumi vidogo kama meno ya mchwa, vimejificha ubavuni, lazima ung'oe moduli ndipo uvione. Kimoja kikikaa vibaya mfumo wote unagoma.

Mzee wa Kontakta: Ndiyo maana nasema relei (swichi za umeme za kizamani)! Njia mbili, waya, kitufe cha dharura, kwisha. Relei haijawahi kuniuliza mmiliki.

Fundi Nusu Saa: @Mzee wa Kontakta relei zako nimezirithi. Waya 200, mchoro hakuna. Nikikupata!

Mzee wa Kontakta: Mchoro upo kichwani.

Fundi Nusu Saa: Kichwa kimestaafu! Anyway, mtandao wetu ulikuwa unakatika-katika, nikapandisha muda ambao PLC inasubiri ujumbe wa pazia kabla ya kusimamisha mashine, kutoka milisekunde 100 hadi 500. Umetulia kabisa sasa.

Binti Voltiji: UMEFANYA NINI? Na pazia umelisogeza?

Fundi Nusu Saa: Kulisogeza wapi tena?

Binti Voltiji: ISO 13855, kiwango cha umbali wa pazia na hatari! Mashine ikichelewa kusimama, mkono unazidi kusogea. Mkono unahesabiwa milimita 2000 kwa sekunde. Milisekunde 400 zaidi ni milimita 800 za ziada mpaka kwenye hatari.

Swichi Ndogo: Umbali ukizidi milimita 500 unaruhusiwa kutumia milimita 1600 kwa sekunde. Ni milimita 640.

Binti Voltiji: Hata 640, yeye amesogeza sifuri!

Mleta uzi: Jamani, mimi nimeitwa mwizi hapa.

Swichi Ndogo: Subiri kwanza mkuu. @Fundi Nusu Saa hiyo ni mashine gani? Tafadhali usiniambie ni presi, ile ya kukandamiza chuma.

Fundi Nusu Saa: Ni presi.