Nimelipia masomo ya Kiajemi, nafundishwa Kiingereza: somo la maombi na amri zilizoripotiwa

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Nimelipia miezi mitatu ya masomo ya Kiajemi mtandaoni, na somo la kuomba na kuripoti amri limefundishwa kana kwamba sisi wanafunzi hatuna lugha yetu. Kitini kimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na kwa kuwa Waingereza husema "nilimwambia kwenda", nusu ya darasa sasa inaandika "be u goftam raftan", jambo ambalo Mwajemi hawezi kulisema.

Mwajemi husema "be u goftam beravad", yaani nilimwambia aende. Kiambishi be- hutangulia shina la wakati uliopo, kisha hufuata kiishio cha nafsi, na umbo hilo hufanya kazi ileile ya -e katika "aende". Ukikanusha unapata "naravad", asiende. Hata kitenzi cha kwanza kikiwa cha wakati uliopita, cha pili hubaki vilevile, kama kwetu. Jambo la dakika tano limetuchukua wiki mbili!

Kilichonichoma zaidi ni mtihani. Tulipewa sentensi mbili, "goft ke miravad" na "goft ke beravad". Ya kwanza nikaiandika "alisema kwamba anakwenda", na ya pili "alisema aende", kwa sababu mi- inatoa habari na be- inabeba agizo. Nikakatwa alama nne kwa maelezo kwamba zote mbili ni taarifa. Taarifa gani hiyo ya kumtoa mtu nyumbani?

Wakati huohuo, pale ambapo Mswahili hukwama kweli pamepitwa kwa mstari mmoja. Anayeambiwa hutanguliwa na neno "be" (si kile kiambishi be- cha kitenzi), lakini ukitumia "khāstan" kwa maana ya kuomba, anayeombwa hutanguliwa na "az", yaani "kutoka kwa": "az Ali khāstam ke dar rā bebandad", nilimwomba Ali afunge mlango. Wala hatukuambiwa kwamba kitenzi cha "kuwa" hakichukui be-, hivyo kumwambia mtu awe mtulivu ni "be u goftam ārām bāshad". Hilo nimelipata kwa jirani yangu aliyeishi Shiraz.

Nimeandika barua mbili kwa waendeshaji, nikajibiwa kwamba nilipie ngazi ya pili. Silipi senti mpaka kitini kisahihishwe na alama zangu nne zirudi.