Naomba ushauri: igizo la Kabaka Mwanga, vita vya Mengo niviweke au niviache?

Mwalimu wa Zamu: Habari za jioni wakuu. Nafundisha Historia hapa Mwanza. Nimeandika igizo la Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kwa ajili ya Juni 3, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Waigizaji ni vijana Wakatoliki na Waanglikana kwa pamoja. Mwanga alirithi kiti mwaka 1884 akiwa na miaka kama 16. Swali langu: niishie Namugongo, walikochomwa mashahidi, au niingize na Mengo, makao ya Kabaka, Januari 24, 1892, siku Wakatoliki na Waprotestanti walipotwangana risasi wenyewe kwa wenyewe? Nimekwama, hata usingizi sipati.

Mzee wa Kirumba: Mimi niliwahi kuwa Pilato Ijumaa Kuu. Maji ya kunawa hayakuletwa, nikanawa hewa. Kagua vifaa mapema, mwalimu.

Nesi Mstaafu: Mtu aliyechoma vijana moto mwaka 1886 anatungiwa igizo la kuonewa huruma? Mashahidi 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Watukuzeni hao, inatosha.

Binti Buddu: Kwetu ni Masaka. Baada ya Mengo, Wakatoliki walipewa jimbo la Buddu, huku kwetu, ndipo watu wakahama na mizigo kichwani. Bibi yangu alikuwa akitaja ukoo, anafuatisha na dini, kwa pumzi moja. Ukiikata Mengo umetukata na sisi.

Jicho Kali: Mwalimu, anayeandika igizo zima hashindwi kuamua onyesho moja. Nani amekwambia uitoe Mengo?

Mwalimu wa Zamu: Mkuu, si kwamba nimeambiwa...

Jicho Kali: Nani?

Mwalimu wa Zamu: Sawa. Anayegharamia mavazi na usafiri ni mzee wa kanisa mojawapo, silitaji. Amesema Mengo ikionekana, hatoi hela. Nimeshaitoa na nakala zimeshachapwa. Ila nina sababu zangu pia! Hawa watoto wanakula sahani moja. Kwa nini niwafundishe kwamba wazee wa imani zao waliitana Wafaransa na Waingereza, kwa kufuata wamisionari wao, wakauana?

Jicho Kali: Kwa sababu hawakuuana kwa ajili ya Biblia peke yake. Vyeo viligawanywa kwa dini: chifu akihama dhehebu, je, anaacha na ardhi? Ugomvi ukaja kulipuka juu ya bunduki moja. Mprotestanti akauawa, Mwanga akaamua kuwa muuaji, Mkatoliki, hana hatia. Lugard, kapteni wa kampuni ya Waingereza, akaikataa hukumu, akawagawia Waprotestanti silaha, na yeye alikuwa na bunduki ya mashine, Maxim. Kabaka hajafika hata miaka 25, amri yake inatenguliwa na mgeni aliyefika Desemba 1890. Onyesho lenyewe ndilo hilo.

Mtoza Ushuru: Chai hii! Hakuna mzee wa kanisa wala igizo. Huyu ni mwanafunzi anatafuta kuandikiwa insha, na Jicho Kali ameshamwandikia nusu. Mods fungeni uzi.

Nesi Mstaafu: Kumbe! Na mimi nimepoteza bando.

Mwalimu wa Zamu: Siwezi kuweka jina la shule hapa. Ila juzi kwenye mazoezi kijana anayeigiza Mwanga aliweka fimbo chini akaniuliza: "Mwalimu, nimewaua wakristo Namugongo. Mbona 1888 nikipinduliwa nakimbilia huku kwetu, na mapadri wananipokea Bukumbi?" Bukumbi ni hapo jirani, wengine wana ndugu huko. Wote wakanigeukia. Nikasema tutaongea kesho, na kesho yenyewe imeshapita.

Binti Buddu: Hilo swali halitungwi na mtu wa chai.

Mtoza Ushuru: Sijaridhika. Alimjibu nini?

Mwalimu wa Zamu: Bado. Nikimjibu, lazima nieleze kwamba Wakatoliki na Waprotestanti ndio waliomrudisha kitini, wakiwa pamoja, 1889. Halafu atauliza kilichofuata. Na nakala zimeshachapwa, wakuu, hela ya watu imetumika.

Jicho Kali: Mengo ni kurasa ngapi?

Mwalimu wa Zamu: Nne.

Mzee wa Kirumba: Kurasa nne ni fotokopi tu, mwalimu. Mavazi ya magome ya mti nina shemeji Bukoba anayajua. Usafiri tutachanga. Njoo PM.