Tupeane uzoefu: "go" imekuchezesha vipi?

Mtembeza wageni, Shangani
Assalamu alaykum. Sisi wa kazi za wageni hii "go" ya Kiingereza tunaitamka kutwa, na bado inatuzulia vituko. Mwenye chake alete. Naanza mie: mgeni kaja ofisini kumuulizia tajiri, mwenzangu akamjibu "he has been to Pemba". Mgeni kakaa barazani kumngojea. Na ana haki yake, maana "been" ni kwamba kenda na karudi. Aliyeko huko hadi sasa ni "gone". Tajiri yuko Mkoani, kule kule Pemba, mgeni anamaliza maji ya chupa pale nje.

Mpishi, Nungwi
Yakhe, mie kinachonichosha ni "go off". Asubuhi mgeni kaniambia "the milk has gone off". Friji nafungua, maziwa yapo! Nimeyanusa, kumbe yamechacha. Jioni umeme ukakatika, akasema taa nazo "have gone off". Usiku king'ora cha jirani kikalia, na hicho pia "went off". Sasa taa zikizima ni "off", king'ora kikilia ni "off". Wenye lugha yao wanaelewana vipi?

Maalim, Wete
Wanaelewana kama tunavyoelewana sisi, kaka. Wanafunzi wangu wananiandikia "go to home". "Home" haitaki "to", wala "go fishing" haitaki. Lakini "school" inaitaka. Mtoto "goes to school", anakwenda kusoma. Mzazi aliyeitwa kikaoni "goes to the school", anafika pale skuli tu. Hiyo "went" ya wakati uliopita, wanafunzi wanayoilalamikia, si ya ukoo wa "go", imetoka kwa "wend", kitenzi cha kale. Na sisi tusijitie usafi: tunasema "anakwenda", tukiamrisha "nenda", wingi wake "nendeni". Mfundishe hayo mgeni uone atakavyokuna kichwa.

Nahodha wa ngarawa, Kizimkazi
Mie vijana wangu nimewakataza kusema "I'm coming" huku wanampa mgeni mgongo. Kwetu "nakuja" ni ada, mtu anaondoka ili arudi. Mgeni anaona kichaa. Semeni "I'll be back", basi.

Kijana wa Jaws Corner
Juzi dhumna imenoga, mgeni kakaribishwa kucheza. Kaweka kete yake, kamgeukia mzee mmoja, "your go!" Mzee kachukua kofia, kanyanyuka. "Kwani nimemkosea nini huyu?" Tumemshika mkono kumrudisha, zamu ilikuwa yake.