AD8232 na ESP32: mchoro wa moyo umejaa kelele, bodi inajizima Bluetooth ikiwaka

roysambu_waya
Wadau, habari za jioni. Naunda kipima moyo cha bei nafuu cha kutuma ECG (mchoro wa umeme wa moyo) kwenye simu ya Android. Vifaa: moduli ya AD8232 (ya kukuza ishara ya moyo), ESP32 ya pini 30 (bodi ndogo ya kompyuta yenye Bluetooth na Wi-Fi), betri ya 3.7 V (500 mAh), chaja ya TP4056. OUTPUT imeungwa GPIO25. Shida ni tatu: nikiwa kwenye laptop mchoro unatetemeka hadi vilele vya R (ncha ndefu ya kila pigo) vinapotea, nikihamia betri, bodi inajiwasha upya kila Bluetooth inapoanza, na kwenye simu mchoro unarukaruka. Nianzie wapi?

hamsini_hz
Karibu mkuu. Anza na usalama. Laptop ikiwa kwenye chaja, mtu aliyebandikwa vibandiko ameunganishwa na stima kupitia chaja hiyo, na jeli imeshapunguza ukinzani wa ngozi. Pima kwa betri tu. TP4056 nayo isichaji mtu akiwa amevaa kifaa: panga tundu la chaja na la waya za kifuani ndani ya kasha ili moja likitumika lingine lizibwe. Chaja za bei ya chini za mtaani sizikubali kabisa karibu na kifua cha mtu.

Huo mtetemo ni 50 Hz ya stima yetu. Misimbo mingi ya kunakili mtandaoni imeandikwa kwa 60 Hz ya Marekani, kwa hiyo kichujio chake hakikusaidii. Soma sampuli 250 kwa sekunde, kisha chukua wastani wa sampuli 5 zinazofuatana. Hizo ni milisekunde 20, mzunguko mmoja kamili wa 50 Hz, na kelele inajifuta yenyewe. Ila tumia taima ya ESP32. Ukitumia delay(4), amri ya kusubiri milisekunde 4, muda wa kusoma unaongezeka juu yake na hesabu inaharibika.

Hama GPIO25 uende GPIO34. 25 iko ADC2 (kipimaji cha pili cha volti ndani ya ESP32, ambacho hutumiwa pia na Wi-Fi), na siku utakayowasha Wi-Fi usomaji utagoma. Pini za LO+ na LO- za moduli peleka 32 na 33, zikupe onyo kibandiko kikibanduka.

mama_voltimita
Hiyo ya kujizima ni regyuleta (kifaa cha kushusha volti ya betri hadi 3.3 V). Bodi nyingi zina AMS1117, ambayo hupoteza karibu volti moja. Betri ikiwa 3.9 V, huna 3.3 V upande wa pili. Redio ikivuta mkondo ghafla, volti inaporomoka na bodi inajiwasha upya. Weka regyuleta ya AP2112K-3.3 kati ya betri na pini ya 3V3, pamoja na kapasita ya 100 µF na ya 0.1 µF karibu kabisa na ESP32. Ukishafanya hivyo, usichomeke USB betri ikiwa bado imeungwa.

AD8232 ipitishie rezista ya ohm 10 na 100 µF yake yenyewe. Inavuta mkondo mdogo mno, kwa hiyo hupotezi kitu, na mishtuko ya redio haiifikii.

Halafu angalia TP4056 yako: nyingi huja na rezista ya 1.2k, yaani mkondo wa kuchaji wa 1 A. Hiyo ni kali kwa betri ya 500 mAh. Badilisha iwe 4.7k, upate kama 250 mA.

jeli_na_spiriti
Wenzangu wamesahau ngozi, na nusu ya kelele hutoka hapo. Vibandiko vya kemisti vikikaa kwenye pakiti iliyofunguliwa, jeli hukauka. Nyoa, futa kwa spiriti, acha ikauke, kisha bandika: RA (waya wa mkono wa kulia) chini ya mtulinga wa kulia, LA (wa mkono wa kushoto) chini ya wa kushoto, RL (wa mguu wa kulia) chini ya mbavu za kulia. Usiamini rangi za waya. Fuata kila waya kwa mita hadi kwenye plagi. Kilele cha R kikielekea chini, RA na LA zimebadilishana.

Kurukaruka: bila shaka unatuma sampuli moja kwa kila pakiti. Pakiti ya kawaida ya BLE (Bluetooth ya nishati kidogo) hubeba baiti 20. Weka sampuli 9 za baiti mbili na baiti mbili za namba ya mfuatano, ndipo utajua pakiti gani imepotea. Kwenye simu hifadhi nusu sekunde ya data kwanza, kisha chora kwa kasi isiyobadilika. Mapigo yenyewe tuma kwa huduma ya kawaida ya Bluetooth ya mapigo ya moyo, 0x180D, sifa ya 0x2A37: baiti ya kwanza 0, ya pili ni mapigo kwa dakika. Jaribu na nRF Connect (programu ya simu ya kukagua Bluetooth) kabla ya kuandika programu. Kuanzia Android 12, omba ruhusa za BLUETOOTH_SCAN na BLUETOOTH_CONNECT.

Ikionyesha 140 na mkono unahesabu 70, inahesabu wimbi la T (linalofuata kilele cha R) pia. Chuja ubakize 5–15 Hz tu kabla ya kuhesabu, na usikubali kilele kingine ndani ya milisekunde 200. T ikiendelea kupenya, ongeza hadi 300.

roysambu_waya
Asanteni sana. Je, mchoro huu unaweza kuonyesha mshtuko wa moyo?

jeli_na_spiriti
Hapana. Ni mwelekeo mmoja tu, na moduli nyingi hukata chini ya 0.5 Hz, jambo linalopotosha sehemu ya ST (kipande cha mchoro kabla ya wimbi la T) anayoiangalia daktari. Utaona kasi na mpangilio wa mapigo, basi. Ukitaka kuiuza kama kifaa cha tiba, pitia Pharmacy and Poisons Board ya Kenya kwanza.

hamsini_hz
Nyongeza: moduli hukuza karibu mara 1,100, na mstari wake wa kati uko 1.65 V, hivyo R ya 1 mV hufika 2.75 V, ilhali ADC ya ESP32 huanza kupinda juu ya 2.45 V. Gawanya kwa rezista za 10k na 22k, uchukue volti kwenye ile ya 22k.