Limeshatimizwa kwa nani? Huyu msakinishaji ananitafuta ubaya

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Yule programu anayesakinisha maktaba za Python, lugha ya kuandikia programu: jina herufi tatu, kiburi cha herufi mia. Mnamjua, simtaji.

Nilitaka kusoma jedwali la CSV, faili la data iliyotenganishwa kwa mkato. Moja tu! Nikamwagiza maktaba ya data, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kuazima. Akanijibu: hitaji limeshatimizwa. Haya. Naendesha skripti: hakuna moduli yenye jina hilo.

Nikamrudia. LIMESHATIMIZWA. Nikaendesha. HAKUNA. Yaani mtu anakuapia kiti kipo, unakaa, unaanguka chini, halafu anakuuliza mbona umesimama!

Nimesakinisha Python nyingine, na nyingine. Sasa zipo nne, ukoo mzima. Nimezeeka humu. Limeshatimizwa wapi? Kwa nani?

Mzee_wa_Kiweko: Python nne halafu unamlaumu yeye? Kaiweka kwenye moja, wewe unaendesha nyingine. Andika `python -m`, kisha jina la huyo adui yako, `pip`, kisha `install` na maktaba yako. Itaingia kwenye hiyohiyo unayoiita.

BiMabano: Na utumie venv, chumba cha pekee cha maktaba za kila mradi. Imo ndani ya Python tangu 3.3, mwaka 2012. Ulikuwa wapi?

Mleta uzi: Nimefanya yote, nikafungua faili jipya la majaribio. Sasa inasema maktaba haina read_csv, amri yenyewe ya kusoma CSV! Mnaona ninavyodhalilishwa?

Mzee_wa_Kiweko: Hilo faili umeliitaje?

Mleta uzi: Jina la maktaba, nukta py. Ili nisisahau.

KobeMbio: Hahahaaa! Python imekuta faili lako kwanza, umeingiza lako mwenyewe badala ya maktaba! Uzi ufungwe, nimepaliwa.

Nafsi404: Afadhali yake. NumPy, maktaba ya hesabu, ilipofika 2.0 mwaka 2024, maktaba zangu za zamani zililalama kwamba zilitarajia 96, zimepata 88. Nilidhani ni alama za mtihani.

BiMabano: Mimi mfumo wa Linux ulinikatalia kabisa kusakinisha, eti mazingira yanasimamiwa na wengine. Kompyuta yangu! Ukilazimisha, sharti uandike kwa mkono wako kwamba unakubali kuvunja vifurushi vya mfumo. Kama hati ya kiapo.

Mleta uzi: Jamani, nimebadilisha jina la faili, imekubali. Ila bado nauliza, limeshatimizwa kwa na…

KobeMbio: Wakati tunasubiri: kusogeza mistari ya msimbo, tabo au nafasi?

Nafsi404: Nafasi nne.

Mzee_wa_Kiweko: Umeanza wewe.

BiMabano: Tabo. Njooni wote.