Tupeane uzoefu: pumu ya watoto, imetoka upande gani wa ukoo?

Mama Junior: Wakuu, mwanangu ana miaka 4. Juzi kabanwa kifua saa nane usiku, tukapanda bodaboda hadi zahanati, akawekewa mashine. Asubuhi mama mkwe kapiga simu. Pole yenyewe ya haraka, kisha: "Kwenu nani ana pumu?" Kwetu hayupo. Mume wangu naye anasema hana. Wenye watoto wa hivi, kwenu ilipitia wapi?

Mama Pacha: Pole dada. Wangu ni pacha wa yai moja, hata mimi nawachanganya. Kulwa ana pumu tangu miaka 2. Doto anacheza mpira vumbini siku nzima, hata kikohozi hana. Vinasaba vile vile, chandarua kimoja. Tofauti ninayoijua ni kwamba Kulwa alilazwa kwa kifua akiwa na miezi 7, mwenzie hakulazwa. Mawifi walinisema mpaka wakachoka, ila Doto hawakuwa na jibu lake.

Seremala: Kwetu mwenye pumu ni mimi. Mtoto wa kwanza nilimsubiri kama matokeo ya kidato cha nne, kila usiku namwekea sikio mgongoni. Hakuna kitu. Wa pili hakuna. Nikajisahau. Wa tatu ndiye kachukua, kifua kinapiga filimbi kama changu nilipokuwa mdogo. Yangu iliniacha nikiwa na miaka 14, ikanirudia karakanani kwa vumbi la mninga.

Bint Unguja: Bibi yangu alikuwa na pumu ya ngozi. Mama, mafua na macho kuwasha mwaka mzima. Mimi ngozi tena. Mwanangu kifua. Tukidhani kila mtu na maradhi yake, mpaka daktari akatuambia ni urithi mmoja, kila mtu kaupata kwa namna yake. Na jina tunalo siku zote, pumu ya *ngozi*, wala hatukuwahi kujiuliza kwa nini! Kinachonishinda ni udi. Ukifukizwa tu, mtoto anaanza kukohoa, na mama yangu nyumba bila udi haiiti nyumba.

Nesi wa Usiku: Bint Unguja kagusa penyewe. Kinachorithiwa hasa ni mwili wenye mzio, si lazima pumu yenyewe. Wala si kinasaba kimoja cha kumtafutia mwenyewe. Mwaka 2007 watafiti walipata sehemu ya kromosomu ya 17, karibu na kinasaba kiitwacho ORMDL3, inayohusiana na pumu ya utotoni. Tangu hapo zimepatikana sehemu nyingine nyingi, kila moja inasukuma kidogo tu. Halafu kuna virusi vya mafua, moshi wa kuni, mende, sigara ya baba. Ndiyo maana ya Kulwa na Doto.

Ukitaka kuona nguvu ya ukoo, soma habari za kisiwa cha Tristan da Cunha, Atlantiki ya Kusini. Wakazi hawafiki 300, wametokana na walowezi wachache waliofika kuanzia 1816, baadhi yao wakiwa na pumu. Vizazi vimepita na pumu bado imejaa.

Mama Junior, mumeo usimuulize kama ana pumu. Muulize chafya za asubuhi, macho kuwasha, ngozi. Na mtoto asipuliziwe pampu mdomoni moja kwa moja, dawa inaishia kooni. Mpe kwa chemba, lile kopo la plastiki linalokaa kati ya pampu na mdomo, na kama hamna, chupa safi ya plastiki ya nusu lita inafaa.

Mama Junior: Nesi, nimecheka peke yangu. Baba Junior kila asubuhi anapiga chafya kumi mfululizo, na baba yake vile vile, kwao wanataniana kabisa kwamba ndiyo saa ya ukoo. Kumbe! Lakini na mimi nimekumbuka viwiko vyangu shule ya msingi, vilikuwa vinapasuka, mama ananipaka mafuta ya nazi na kunikataza sweta la sufi. Kwa hiyo tumechanga wote. Mama mkwe nitampigia Jumapili, akiwa ametoka kanisani.

Hiyo chupa inatobolewa wapi, ubavuni?

Nesi wa Usiku: Kwenye kitako. Tundu lienee mdomo wa pampu, lisivujishe. Mtoto anavutia kule kwenye mdomo wa chupa, pumzi za kawaida, taratibu. Na hiyo ni ya kujishikiza tu, kliniki mpeleke wiki hii.